Mlango wa Plastiki

Foleni ya mikate ya maini pale Manshiya, mjini Aleksandria, haina adabu hata siku ya kawaida, sembuse mchana wa Alhamisi. Shahinaz alikuwa karibu kabisa kumfikia muuzaji pale mwanamume mmoja mrefu alipojipenyeza mbele yake, akajipangusa mabega, na vumbi la saruji likamwagikia mtandio wake wa zambarau.

"Wewe kaka, umeniona mimi nguzo?"

"Samahani, dada. Nguzo huwa hazipendezi hivi."

"Usiniletee maneno ya foleni. Rudi nyuma!"

Watu wakaangua kicheko. Mwanamume akarudi nyuma kweli, na alipopata mkate wake uliojaa maini na pilipili akaja kusimama naye kwenye kivuli cha duka.

"Naitwa Wagdi. Injinia. Tunabomoa lile jengo la zamani la hospitali ya watoto."

Shahinaz aliacha kutafuna. Yeye alikuwa daktari wa watoto wenye saratani, na wodi yake ilipakana na jengo hilohilo.

"Kumbe ni wewe! Mimi ni daktari wa wodi ya jirani. Hilo vumbi unalojipangusa, unajua lina nini?"

"Vumbi lina vumbi, daktari."

"Lina kuvu. Mimi na wewe tukilivuta tunapiga chafya, yamekwisha. Wanangu wale, dawa za saratani zimewamaliza kinga. Kuvu ikiwaingia kifuani inaota kama kwenye mkate uliosahauliwa kabatini. Inawaua, Bwana Injinia."

Utani ulimtoka Wagdi usoni. Siku iliyofuata alifunga ukumbi wote unaounganisha jengo hilo na wodi kwa plastiki nzito, tabaka mbili, yenye mlango wa zipu uliobandikwa gundi pembeni. Vifusi vikawa vinamwagiwa maji kabla ya kuguswa, na kutolewa kwa ngazi za takataka huko nyuma. Shahinaz alikwenda kukagua akiwa amenoa ulimi, akaishia kuisifu zipu. Wapo wanawake wanaotekwa kwa maua. Wodini kwake maua yalipigwa marufuku kwa sababu ya kuvu hiyohiyo, basi yeye alitekwa kwa plastiki.

Kila asubuhi simu ya Shahinaz ililia, Wagdi akimjulia hali.

"Umeamkaje, roho yangu?"

"Plastiki imeamkaje kwanza?"

"Nina mume mwenza wa plastiki mimi!"

"Bado hujanioa, usijipe vyeo."

Hata wagonjwa walimjua Wagdi. Haidi, binti wa miaka sita mwenye kofia ya waridi juu ya kichwa kisicho na unywele, alikuwa akimpungia mkono kupitia kioo cha mlango na kumwita Bwana Vumbi. Wagdi alimwahidi kishada kikubwa cha kurusha ufukweni siku ya Sham el-Nessim, sikukuu ya majira ya kuchipua, mji mzima unapotoka kunusa upepo.

Wiki chache kabla ya sikukuu hiyo Haidi alishikwa na homa. Shahinaz akampa dawa za bakteria, homa ikagoma. Akabadilisha, ikagoma tena, na kikohozi kikavu kikaanza. Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa ule ukuta wa plastiki. Akampigia Wagdi.

"Niambie, plastiki iko sawa?"

Alijibu upesi mno: "Iko sawa, mpenzi."

Akamwamini. Dawa ya kuvu ni kali, inatesa figo, na mtoto hapewi kwa kubahatisha. Kwa hiyo alisubiri, na kusubiri kule ndiko kulikomchoma roho baadaye, maana picha ya kifua ilipotoka, mapafu ya Haidi yalikuwa na madoa meupe. Kuvu ilikuwa imeshajenga nyumba.

Wagdi alisikia mgonjwa ni Haidi, akapanda mbio. Alimkuta Shahinaz ukumbini.

"Niliifungua ile plastiki," alisema. "Siku ile wafadhili walipokuja kutazama kazi. Mkurugenzi wa hospitali, Lutfi, alisema ni aibu kuwapitisha wageni ngazi za takataka, nikaona kweli ni aibu. Walipita, wakapiga picha, nikafunga. Ilikuwa muda mfupi tu."

"Na nilipokuuliza?"

"Wakati ule ilikuwa sawa..."

"Shika adabu yako!" Sauti yake ilijaa ukumbi mzima. "Nilikuuliza kwa sababu mtoto alikuwa anaungua! Ungeniambia uliifungua ningeanza dawa siku ileile. Umeniacha napapasa gizani huku kuvu inakula! Na sasa dawa za saratani nazisimamisha mpaka hii itulie. Unadhani saratani itakaa pembeni inatusubiri?"

"Niliogopa utaniacha."

"Ukaona heri afe mtoto wa watu! Toka. Na usiniambie mimi, kamwambie mama yake."

Alikwenda. Mama Haidi alikuwa ameketi nje ya wodi na gauni lake jeusi, mfuko wa machungwa mapajani. Lutfi, suti imenyooka, alitokea akimvuta Wagdi mkono: "Injinia amechoka, mama, usimsikilize." Wagdi akajing'oa, akasema yote, bila kujipunguzia. Mama Haidi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua kandambili, akampiga nayo kifuani na mabegani, na Wagdi hakuinua mkono. Alipochoka akamgeukia mkurugenzi.

"Kwa hiyo wageni walistahiwa. Mwanangu je, alikuwa nani humu?"

"Mama, tulia..."

"Usimwambie atulie!" Shahinaz, aliyekuwa amewafuata, alimvaa mkurugenzi. "Kazi ya ubomoaji inasimama leo, na hapa patajengwa ukuta wa matofali. Ukikataa nawaita wazazi wote, nawaambia kama alivyosema Wagdi."

Ukuta ulijengwa. Lutfi yuko ofisini kwake mpaka leo, na picha ya wageni imetundikwa juu ya kiti chake. Ukiiangalia unatamani kuitemea mate.

Sham el-Nessim ikapita watu wakila samaki wa chumvi bustanini, Haidi akiwa kitandani. Dawa ya kuvu ilipoingia mshipani alitetemeka mpaka meno yakagongana, na Shahinaz akamkumbatia kwa blanketi akimlaani Wagdi moyoni, akijilaani na yeye. Simu za asubuhi hakuzipokea. Madoa yakapungua kidogo kidogo, tiba ya saratani ikarudi, na joto la kiangazi lilipovunjika Haidi akaruhusiwa kwenda nyumbani.

Alitoka kwa miguu yake, mwembamba, kofia ya waridi imempwaya. Chini ya ngazi alisimama Wagdi na kishada chekundu. Hakupanda. Alimtazama Mama Haidi kwanza, mpaka mama alipotikisa kichwa kukubali, bila tabasamu, ndipo akampa mtoto uzi.

"Umechelewa, Bwana Vumbi," Haidi alisema.

"Nimechelewa sana, mama. Nisamehe."

Shahinaz alikuwa amekunja mikono. "Mimi bado nimekasirika."

"Najua."

"Si hasira ya kupita, Wagdi."

"Sikuombi ipite. Nakuomba uniruhusu nikae nayo nyumba moja."

Shahinaz alimpenda, na kumpenda kwenyewe kulimuudhi.

"Siku mkubwa wako akikuambia funga mdomo?"

"Nitakupigia wewe kabla sijamjibu. Hata kama utaniacha."

Haidi aliuvuta uzi na kishada kikaburuzika chini, kikainuka, kikaanguka. Shahinaz alikiokota, akaona mikono ya Wagdi imejaa saruji mpaka viwikoni.

"Njoo Ijumaa uonane na baba," alisema. "Na uoge kwanza. Nyumbani kwangu huingii na vumbi."