Mitamba Wawili wa Mama Kijacho

Kila asubuhi Mama Kijacho aliingia bandani na ndoo ya pumba. Majirani walimwita hivyo kwa sababu ya mimba yake. Nguruwe wake, Doa na Bibi Harusi, walipiga kelele mpaka bati likatetemeka. Walikuwa mitamba, yaani majike ambao hawajazaa bado. Alipewa na mama yake wakiwa wachanga, akawalea kwa chupa.

"Wamenenepa, lakini joto la kutaka dume hawapati," alisema mumewe. "Tunafuga mapambo. Mwisho wa mwezi muuza nyama anawachukua."

"Hachukui mtu hapa!"

"Basi nimenunua sindano ya homoni. Nitawachoma leo."

"Utachoma kitu usichokijua? Namwita daktari."

Daktari wa mifugo alikuwa jirani yao. Alikuja na viatu vyake vya mpira, akasoma kichupa.

"Shemeji, sindano hii ni ya mtamba ambaye hajaanza kupata joto. Ukimchoma aliyeanza, unaweza kuvuruga mzunguko wake. Mnawakagua wakati gani?"

"Wakati wa kula," alijibu Mama Kijacho.

Daktari akacheka. "Wewe ukiwa na njaa, unafikiria uchumba? Wakagueni asubuhi na jioni, wakishashiba. Nitaleta dume langu, asimame nje ya uzio wamwone na kumnusa. Kisha wakandamizeni mgongo. Atakayetulia, ndiye aliye kwenye joto."

Mama Kijacho hakukosa hata jioni moja. Siku moja alimkandamiza Doa mgongo. Doa akatulia kama nguzo, masikio wima. Baada ya siku kadhaa, Bibi Harusi naye akatulia.

"Kumbe joto walikuwa wanapata, sisi ndio tuliokuwa hatuoni!" alisema mume. Akamkabidhi daktari ile sindano.

"Sasa nataka wazae pamoja," alisema Mama Kijacho. "Mmoja akizidiwa na watoto, mwenzake amsaidie kunyonyesha."

"Inawezekana," alisema daktari. "Ipo homoni ya kutia kwenye chakula, ya mitamba walioanza kupata joto. Kila mmoja apewe kipimo chake, kila siku, bila kuruka. Mkiacha kuwapa siku nitakayowaambia, watapata joto karibu pamoja."

Kesho yake daktari alileta chupa ya dawa hiyo. Mama Kijacho akanyoosha mkono kuipokea.

"Usiguse!" Daktari aliirudisha nyuma haraka. "Dawa hii hupita kwenye ngozi. Inaweza kudhuru mimba. Mjamzito haishiki kabisa."

Mume akamtazama mkewe, kisha tumbo lake.

"Nipe glavu," alisema. "Kazi hii ni yangu."

Tangu siku hiyo alivaa glavu, akapima dawa, akasimama mpaka kila mmoja amalize chakula chake. "Bibi Harusi, acha udokozi! Hicho ni cha mwenzio." Kisha alinawa mikono kwa sabuni. Ndoo ya pumba pia aliibeba yeye, bila kuombwa. Muuza nyama alipofika, alimwambia, "Rafiki yangu, hapa umekosa."

Mitamba walipata joto, wakapandishwa. Mama Kijacho alitangulia kujifungua, mtoto wa kike. Baadaye Doa akazaa, na kesho yake Bibi Harusi. Watoto wa Doa walizidi chuchu zake. Mume akawahamishia wawili kwa Bibi Harusi, naye akawapokea.

Mama Kijacho alisimama mlangoni, mtoto mgongoni.

"Baba, mapambo yako hayo!"

"Shh," alisema mume, amechuchumaa kwenye majani makavu. "Punguza sauti. Wananyonya."