Sungura wa Daktari Hartog

"Ng'ombe wamelala," sauti ilisema redioni.

Kashaija, kachero wa serikali, alikanyaga mafuta. Land Rover ikaruka mashimo ya barabara ya Isingiro.

Maana ya fumbo hilo ilikuwa wazi kwake: Hartog yuko maabara. Mkamate na ushahidi.

Mwaka ule wa 1954 sotoka, tauni ya ng'ombe, ilikuwa imevuka mto Kagera. Chanjo ya serikali ilikuwepo. Lakini Daktari Hartog, mgeni aliyeajiriwa kuijaribu, aliandika kwamba haifai: sungura wote aliowachanja walikufa. Wafugaji wakaikataa, wakanunua chanjo ya magendo aliyoiingiza Hartog mwenyewe kwa siri.

Maji matupu.

Katika kijiji cha Kibingo pekee, ng'ombe mia mbili waliozea malishoni. Kashaija alizaliwa kwa wafugaji.

Nyuma ya maabara alimkuta Placidia, mlisha wanyama.

"Shikamoo, mama. Nimetumwa."

"Marahaba. Njoo uone."

Alimwonyesha makopo marefu ya bati.

"Daktari anawabana sungura humu kutwa, mbwa akiwabwekea. Wanatetemeka mpaka wanajikojolea. Ndipo anawachanja, kisha anawatia ugonjwa. Mimi niliwaficha sita jikoni. Niliwachanja dawa ileile, nikawatia ugonjwa uleule, ila walitulia. Wako hai wote."

Kashaija alielewa. Mwili uliojaa hofu haukupata nafasi ya kujenga kinga. Chanjo haikuwa na kosa.

Leica yake ilipiga picha makopo, mbwa, daftari.

Mlango ukafunguka.

"Weka kamera chini," Hartog alisema. Bastola ilikuwa mkononi.

Kashaija aliipiga teke meza. Ikamgonga Hartog magotini. Risasi ikatoboa bati la paa. Kufumba na kufumbua, Webley, bastola ya Kashaija, ilikuwa kwenye paji la uso wa daktari.

"Ni sungura tu," Hartog alihema.

Kidole kilianza kubana kifyatulio. Placidia alimshika Kashaija bega.

"Usimuue, mwanangu. Wafugaji hawatatuamini sisi. Aseme yeye."

Mchana huo, Hartog alisema yote mbele ya wafugaji wa Kibingo, pingu mikononi. Mzee Muhangi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuwa na ng'ombe thelathini," alisema. "Nimebaki na mmoja."

Akamgeukia Kashaija.

"Hiyo chanjo ya kweli ipo?"

"Ipo, mzee," Kashaija alisema.

Muhangi alikwenda kumleta ng'ombe wake. Placidia akachemsha sindano. Kashaija alimkabidhi Hartog kwa askari, akawasha sigara, akatembea taratibu kuelekea garini.