Mpangaji wa Ibighi

Jioni ya manyunyu, Elina alishuka Ibighi kumwuliza mpangaji wake jambo moja tu: fedha ya kodi anaitoa wapi?

Nyumba ile aliinunua mwaka 1996 bila kutoa hata senti. Benki ilikuwa imeipiga mnada mara tatu, wanunuzi wakaikimbia. Ndani alibaki Bibi Tupokigwe, mama wa mdaiwa, na hakuna aliyethubutu kumtoa. Mwishowe meneja akamwambia Elina achukue nyumba pamoja na deni lake; bibi akae, alipe kodi, na kodi hiyo ilipe benki.

Bibi alikubali. Aliuliza tu, "Nikipungukiwa, nichukue kwako?"

Elina alicheka. "Kwangu kuna nini, bibi? Chukua unachokiona."

Miezi minane sasa, kodi haikuchelewa hata siku moja.

Na kwa miezi hiyo minane, mumewe Ezron alikuwa akiamka hoi, kama aliyeshinda akipasua magogo. Miguu ina tope. Vidole vyeusi, vinanuka majani ya chai...

Wao hawakuwa na shamba la chai.

Mlango wa bibi ulikuwa wazi. Harufu ya majani mabichi ilimpiga Elina puani. Magunia yalipangwa ukutani hadi darini, na mbele ya magunia hayo bibi alikaa kwenye kigoda, gizani.

"Karibu, mwanangu. Umemfuata mumeo."

Elina hakuwa amesema neno.

"Unamfanyisha kazi wapi, bibi?" alinong'ona.

"Matwebe, shambani kwangu. Ana mikono myepesi."

"Mwachie."

"Hata leo namwachia. Ila kodi atalipa nani?"

Matone juu ya bati... ta, ta, ta...

Nyuma ya magunia, mtu akakohoa.

Elina alikijua kikohozi kile. Alikuwa amekiacha nyumbani, kando ya moto.

Alingoja kilio kije, hakikuja. Kifua kilikuwa baridi, kimetulia tu. Akahesabu kichwani. Deni lilibakiza miezi kumi na sita.

"Ndaga, bibi," akashukuru, akatoka.

Nyumbani alimkuta Ezron amelala palepale alipomwacha. Nyayo zake zilikuwa zimelowa. Elina akazifuta kwa kanga, taratibu, asimwamshe, akamfunika blanketi.

Kisha akaenda mlangoni, akatoa komeo, akapanda kitandani na kugeukia ukutani.