Raifo Iliyokataa Kuwa Tupu

Baba yangu mdogo, Felisian Nyamhanga, hakuwa mtu wa kuamini mambo ya giza. Alikuwa Mkatoliki wa misa ya kwanza kila Jumapili, na kabla ya hapo alikuwa mgambo aliyepigana vita vya Kagera. Kilichompata kwenye uwanja wa ndege pale Musoma, mwaka 1992, alinisimulia mara mbili tu. Mara zote mbili hakubadilisha neno.

Mwaka ule watu binafsi walikuwa wameanza kuruhusiwa kurusha ndege zao. Kampuni moja changa ikaleta ndege ndogo ya kwenda Mwanza mara mbili kwa wiki, na baba mdogo akapata kazi ya kupokea mizigo. Walimpa meza, mizani na kijitabu cha taratibu. Kijitabu kile alikishika kama katekisimu. Kuhusu silaha kilisema hivi: abiria aitaje mwenyewe kabla mzigo haujapimwa, aonyeshe leseni, bunduki ifunguliwe mbele ya askari na ionekane kuwa tupu. Risasi zikae kwenye chombo chake. Sanduku liwe gumu, lifungwe kwa kufuli, na lisikae kamwe pale walipokaa watu.

"Ukiruka mstari mmoja," alikuwaga anasema, "umeruka na roho ya mtu."

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa nane, asubuhi nzuri tu. Upepo wa ziwani ulikuwa unaingia mlangoni. Abiria sita walikuwa wamekaa nje kwenye mabenchi, mmoja wao mama anayenyonyesha. Wa saba akafika kwa kuchelewa: mzee mrefu, koti la kaki, mkononi sanduku refu jeusi la mbao.

Baba mdogo alimjua. Alikuwa Boniphace Ngolo, mfugaji wa upande wa Butiama. Watu walimheshimu na kumwonea huruma, maana mwaka wa njaa, 1984, wezi wa mifugo walivamia zizi la familia yao na kumuua mdogo wake, Bernado, kwa risasi ya mgongoni. Ndivyo ilivyojulikana.

"Nina silaha," mzee alisema. Hakusalimia.

Baba mdogo alimwita Konstebo Nyamburi, askari wa zamu. Leseni ilikuwa sawa. Sanduku likafunguliwa. Ndani palikuwa na raifo ya zamani iliyopakwa mafuta vizuri, na kopo la bati lenye risasi tano. Baba mdogo akavuta bolti, kile chuma kinachosukuma risasi ndani.

Risasi ikaruka, ikabingirika mezani.

"Mzee wangu! Umeileta imejaa?"

"Itoe tu," alijibu Ngolo. Alikuwa anaangalia chini.

Baba mdogo akaiokota. Ilikuwa ya moto, kama kiazi kilichotoka kwenye majivu. Akaitia kwenye kopo haraka. Akarudisha bolti, halafu kwa mazoea ya vitani akaivuta tena, kuhakikisha.

Ikaruka nyingine.

Nyamburi alicheka. "Hii ya kwako imezaa, mzee." Akalichukua kopo na kulimimina mezani.

Zilikuwa tano tu, ingawa moja ilikuwa imeongezwa. Hakucheka tena.

Akaichukua bunduki mwenyewe. Akavuta. Ikaruka. Akaingiza kidole kwenye chemba, pale risasi inapokaa, akaipapasa, akasema iko tupu. Akafunga. Akavuta. Ikaruka. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso. Kila iliyoruka waliitia kopo, na kila walipolimimina, risasi zilikuwa tano.

"Chomoa bolti yote," baba mdogo alinong'ona.

Wakaichomoa. Bunduki isiyo na bolti ni bomba la chuma tu, haiwezi kumdhuru hata kuku. Wakailaza sandukuni, wakafunga kufuli. Nyamburi akaweka bolti na funguo mfukoni, akalichukua kopo, akatoka kwenda kuwapigia simu wakubwa wake.

Wakabaki wawili ndani ya chumba kile. Sanduku lilikuwa juu ya mizani, kati yao.

Nje ndege ilikuwa imeshatua. Abiria walisimama na kuanza kukusanya vikapu.

"Ipandishe, Nyamhanga," Ngolo alisema kwa sauti ya chini. "Nakuomba."

"Haipandi, mzee."

"Mganga kaniambia nisiivushe kwa mtumbwi wala gari. Ivuke juu kwa juu, isiguse ardhi. Ikifika ng'ambo itanyamaza."

"Haipandi. Kuna mtoto mchanga pale nje."

Hapo mzee mwenye ng'ombe mia mbili alipiga magoti. Baba mdogo alikuwa hajawahi kuona mzee wa rika lile akimpigia magoti mtu mdogo. Alitaka kumwinua, ila mikono ilikataa.

"Miaka minane," Ngolo alisema. "Naitoa risasi, inarudi. Nimeitupa ziwani kule Kiriba. Asubuhi nimeikuta mlangoni, imekauka. Nimeizika. Nimeikuta mlangoni."

"Kwa nini wewe?"

Mzee alilitazama sanduku.

"Hawakuwa wezi," akasema.

Baba mdogo hakuelewa. Halafu akaelewa.

"Baba alimwachia Bernado ng'ombe wa zizi la juu," Ngolo aliendelea. "Mimi mkubwa! Nilimsubiri nyuma ya zizi. Nikijiuliza moyoni, najiambiaga nilidhani ni mwizi. Uongo. Alikohoa. Nilimjua kwa kikohozi chake. Nikavuta."

Chumba kilikuwa kimya. Hata injini ya ndege ilikuwa imezimwa.

Nyuma ya Ngolo palikuwa na ukuta mtupu. Hapakuwa na dirisha wala mlango.

Mtu akakohoa pale.

Kikohozi kikavu. Kifupi. Cha mtu anayepita njia yake jioni, asiyejua kama anasubiriwa.

Ngolo hakugeuka. Midomo yake ilikuwa imekuwa ya kijivu.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Kumbe na wewe umesikia," alisema, na ilikuwa kama amepumzika.

Bunduki ikalia.

Baba mdogo alijitupa chini. Masikio yalivuma. Alipoinua kichwa, Ngolo alikuwa amelalia sanduku kifudifudi, na katikati ya mgongo wa koti la kaki palikuwa na tundu, damu ikitanda kulizunguka.

Nyamburi alikuja mbio kwa sababu ya kelele za baba mdogo. Mlio hakuusikia. Hata wale abiria, hatua kumi tu kutoka mlangoni, hawakuusikia. Waliulizwa mmoja mmoja. Yule mama peke yake alisema amesikia mtu akikohoa, akadhani ni wa ofisini.

Kufuli lilikuwa zima. Sanduku halikuwa na tundu hata la msumari. Ukuta haukuwa na alama. Bolti ilikuwa mfukoni mwa Nyamburi, na alipoitoa aliiangusha sakafuni, kwa sababu ilimchoma.

Baba mdogo na Nyamburi waliwekwa ndani siku mbili kwa kifo cha mzee, wakahojiwa, wakaachiwa. Nani angewashtaki, na kwa silaha ipi? Bunduki ile ilichukuliwa, na baba mdogo hakuuliza ilikopelekwa.

Kilichomsumbua kilikuwa kingine. Ukweli wa Bernado alikuwa nao yeye peke yake.

Jumatatu akapanda gari hadi Bunda. Mjane wa Bernado, Lukresia, alikuwa amehamia Nyasura baada ya msiba, akiishi na binti yake Miriamu, ambaye siku ile alikuwa shuleni. Alimkuta anachambua maharage.

"Karibu, shemeji."

"Mama Miriamu, nimekuja na neno zito."

Akamweleza lote, mpaka la kikohozi. Lukresia hakulia. Aliendelea kuchambua mpaka maharage yakaisha.

"Nilisikia bunduki Alhamisi," alisema mwishowe. "Saa nne na nusu. Humu ndani mwangu. Majirani hawakusikia. Njoo uone."

Sakafu ya jikoni ilikuwa ya udongo, imesiribwa vizuri. Karibu na mafiga palikuwa na ungo uliofudikizwa chini.

"Nilikuwa nimemaliza kusiriba asubuhi ileile. Mlango nimefunga. Baada ya ule mlio nikakuta unyayo mmoja tu, mguu wa mwanamume. Nimeusiriba mara tatu, unatokea. Nikaamua kuufunika, Miriamu asiuone."

Akainama, akauinua ungo.

Unyayo ulikuwepo. Mbichi, una unyevu, kama mguu umeinuliwa sasa hivi. Vidole vyake vilielekea mafigani.

Lukresia alibaki ameinama, ungo mkononi. 

"Shemeji," alinong'ona, "mimi nilipoufunika ulikuwa umeelekea mlangoni."

 Baada ya muda Lukresia aliegemeza ungo ukutani, akachochea moto, akateleka maji ya chai. Akapanga kikombe cha mgeni. Akapanga na cha kwake.

Kisha akafikia rafu ya juu, akatoa cha tatu, akakifuta vumbi kwa kanga.

Baba mdogo hakuisubiri ile chai.