Kipira cha Kengele

Haya yalimpata Muhonja, jirani yangu hapa Huruma, mtafiti anayepiga picha za ubongo kwa kandarasi ya mwaka mmoja mmoja, mwaka wa saba sasa. Kila asubuhi, kabla watu hawajafika, huijaribu mashine kwa kulaza chupa ya maji ndani. Mtu akilala humo hupewa kipira ashike. Akikibonyeza, kengele inalia, atolewe.

Siku hiyo chumba kilikuwa na giza, mashine ikigonga, usingizi ukimlemea. Ilipotulia, akaiuliza chupa kwa mazoea, "Uko sawa huko ndani?"

"Nikajicheka," aliniambia.

Kengele ikalia.

Kipira kilikuwa mezani, kando ya chai yake. Akakiona kikibonyea tena, polepole, kikifanya vishimo vya vidole.