Kipochi Kilichofumuliwa

Simu ililia. Wifi akachukua mkasi mkubwa wa kukatia kitambaa, akagonga mpini wake juu ya meza mara moja.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya chumba kile cha kushonea. Kila oda ikiingia, mkasi unagongwa. Asubuhi hiyo chai ilikuwa haijapoa bado, na mkasi ulikuwa umeshagongwa mara nne.

"Kipochi tena," wifi alisema. "Chekundu."

Chumba kilikuwa na watu wawili tu. Mmoja ni fundi mwenyewe, mwanamke mwepesi wa kucheka, na mwepesi zaidi wa kuamini kwamba mambo yatajipa. Wa pili ni wifi yake, dada wa mumewe. Wifi alikuwa akipiga pasi kwa dobi kwa miaka sita. Fundi ndiye aliyemshawishi aache kazi ile aje washone pamoja. Alimwambia duka lao la mtandaoni linapaa, na likipaa watapaa wote.

Duka lenyewe lilikuwa ndani ya simu. Fundi alipiga picha za bidhaa pale dirishani, penye mwanga, akaziweka dukani. Mteja akipenda kitu, analipa. Wenye mtandao wanakata ada yao, na mwenye pikipiki anampelekea mteja mzigo wake. Waliuza vitu viwili. Mikoba mikubwa ya kitambaa, kila mmoja elfu ishirini na mbili. Na vipochi vidogo vya kutilia simu na funguo, kila kimoja elfu tano. Fundi aliandika kwa herufi kubwa kwamba kufikishiwa ni bure.

Mikoba ilitoka mmojammoja, bila haraka. Vipochi viliondoka kama karanga za moto. Fundi alivipenda vipochi vile kama watoto. Mikoba aliiona mizigo, akawa anafikiria kuiacha kabisa.

Jambo moja tu lilimkuna kichwa. Mwezi ule waliuza vipochi sitini, lakini alipotaka kununua jora jipya la kitambaa, pesa hazikutosha hata nusu jora. Zilikuwa zimeota mbawa. Na wifi alikuwa hajalipwa wiki mbili. Wifi hakulalamika. Ila siku moja, akiwa ameinamia cherehani, alisema dobi amempigia simu, anasema nafasi yake bado ipo, anaisubiri hadi mwisho wa mwezi. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida tu, kisha akaendelea kushona. Fundi aliona aibu mpaka akashindwa kumtazama.

Ndiyo maana asubuhi ile, simu ilipolia mara ya tano, fundi aliruka kutoka kwenye kiti.

Chama cha wauguzi kilitaka vipochi mia mbili. Katibu wao aliomba bei ishuke hadi elfu nne. Kila kipochi kiwe ndani ya boksi lake, na kila muuguzi apelekewe nyumbani kwake, bure kama tangazo lilivyosema. Alitaka jibu kabla ya saa kumi alasiri.

"Laki nane," fundi alisema. "Wifi, laki nane. Dobi atapiga pasi mwenyewe."

Wifi aligonga mkasi hadi vifungo vikaruka mezani. Wakashikana mikono, wakazunguka chumba, wakakanyaga kitambaa kilichokuwa chini. Katika hali hiyo ndiyo jirani yao aliwakuta. Alikuwa amefuata aproni yake iliyochanika mfuko.

Jirani huyu alikuwa mwokaji wa keki, naye aliuza mtandaoni. Mtaa mzima ulimwita Mama Gramu, kwa sababu hakuna kitu alichokitia kwenye bakuli bila kukipima. Watu walisema hata mwanawe alipozaliwa, alimpima mara mbili, hakumwamini mkunga. Mwenyewe aliisikia hadithi hiyo na kuifurahia.

Walimweleza habari njema. Akafurahi nao kwa moyo. Kisha akauliza, "Na kipochi kimoja kinakubakizia ngapi?"

Fundi alijibu bila kufikiri. Zipu ni mia sita, bitana ya ndani mia tano, ujira wa wifi wa kushona mia nane. Jumla elfu moja na mia tisa. Kwa bei ya elfu tano, kinabakiza elfu tatu na mia moja.

"Na kitambaa cha nje?"

"Kile ni cha bure, jirani. Ni mabaki ya mikoba."

Wifi alikohoa kidogo. "Mabaki yaliisha siku nyingi, wifi. Siku hizi tunakata kwenye jora jipya."

Ilikuwa kweli. Mwanzoni vipochi vilishonwa kwa vipande vilivyobaki. Oda zilipozidi, fundi alianza kukata kitambaa kipya kwa mkono wake mwenyewe, kila siku, lakini kichwani mwake kiliendelea kuwa mabaki.

Mama Gramu hakumcheka. Aliomba kipochi kimoja na kifaa cha kufumulia nyuzi.

"Mimi keki siwezi kuirudisha kuwa mayai," alisema. "Ninyi mna bahati. Kifumueni."

Fundi aliona uchungu kufumua kitu kizuri. Lakini alikifumua. Kila kipande alikilaza mezani, na wifi akakata vikaratasi vya kuandikia bei. Mama Gramu alikuwa na sheria moja tu: bei isitoke kichwani, itoke kwenye risiti. Wakaleta kopo la risiti, wakalimwaga.

Jora moja linatoa vipande vingapi? Wakapima. Kitambaa cha kipochi kimoja kikawa mia tisa. Bitana mia tano, zipu mia sita. Uzi nao hauoti mtini, ukaandikiwa mia. Lebo mia na hamsini. Ujira wa wifi mia nane.

"Kimeisha," fundi alisema.

"Kimeisha kushonwa. Hakijamfikia mteja."

Wakaweka boksi tupu kando ya vipande. Boksi na karatasi ya kufungia, mia saba. Mama Gramu akauliza mtandao unakata ngapi. Kumi katika kila mia, wifi alisema, kwa hiyo mia tano. Na pikipiki? Kwa kuwa mteja halipi kupelekewa, fundi ndiye anayelipa. Elfu moja na mia tano.

Wifi alijumlisha. Akajumlisha tena. Kisha akageuza karatasi ili fundi aisome mwenyewe.

Elfu tano na mia saba na hamsini.

"Tunakiuza elfu tano," fundi alisema polepole. "Kila kikitoka, kinaondoka na mia saba na hamsini yetu."

"Na mshahara wako wewe uko wapi hapo?" Mama Gramu aliuliza.

"Mimi nakula kile kinachobaki."

"Basi kwa sasa unalipa ili upate ruhusa ya kufanya kazi."

Wifi alicheka, ingawa si kwa furaha. Fundi alikaa chini, moyo umemshuka. Alikumbuka mkasi ulivyogongwa mara sitini mwezi ule, na walivyochekelea hasara kila mara.

Mama Gramu hakumwacha akae sana. Alimwambia alete mkoba mkubwa, wafanye hesabu yake pia. Huo hawakuufumua, sasa walijua njia. Kitambaa, bitana, mikanda na vifungo, uzi na lebo, ujira, boksi, ada, pikipiki. Vyote vikafika elfu kumi na tano na mia saba. Unauzwa elfu ishirini na mbili.

"Unabakiza elfu sita na mia tatu," wifi alisema. Akaitazama mikoba iliyoning'inia ukutani. "Kumbe hii ndiyo inayotulisha."

Fundi akasimama. Ile hali yake ya kuamini ilikuwa imerudi, ila sasa ilikuwa na karatasi mkononi. Risiti na hesabu zilikuwa zimewala asubuhi nzima, na sasa ilikuwa saa nane na nusu. Alitaka kumjibu katibu kwamba haiwezekani.

"Usikatae kabla ya kupima," Mama Gramu alisema. "Oda hii ina gharama zake yenyewe. Zihesabu upya."

Wakavihamisha vikaratasi mezani. Kwa bei ya elfu nne, ada inashuka hadi mia nne. Lakini boksi na pikipiki zikibaki vilevile, gharama ni elfu tano na mia sita na hamsini. Hasara elfu moja na mia sita na hamsini kwa kila kipochi. Wifi akazidisha kwa mia mbili, akashika kichwa. Laki tatu na elfu thelathini. Zile shangwe za asubuhi zingewafungia duka.

Fundi aliinua kikaratasi cha pikipiki. Akakitazama. Akainua cha boksi.

"Na wakivichukua vyote mahali pamoja?" alisema. "Safari moja ni elfu kumi. Ukiigawa kwa mia mbili, ni hamsini tu kwa kila kimoja. Na badala ya boksi, mfuko wa karatasi wa mia."

Wifi aliandika haraka hadi penseli ikakatika ncha. Elfu tatu na mia sita. Kinabaki mia nne.

Fundi alimwandikia katibu. Bei ni ileile aliyoomba, elfu nne. Vipochi vyote vitafika siku moja, mahali pamoja, katika mifuko ya karatasi. Wakati wakisubiri, alibadilisha tangazo la duka: anayenunua kipochi atalipia kupelekewa. Wakapiga hesabu ya hicho pia. Kilibakiza mia saba na hamsini, kiasi kilekile kilichokuwa kikipotea.

Saa ilifika tisa, ikapita. Mama Gramu alikuwa na keki kwenye oveni, lakini hakuondoka. Hatimaye simu ikalia.

Fundi alisoma. Katibu alisema ni vizuri zaidi hivyo, kwa kuwa wauguzi wote wana mkutano mwisho wa mwezi, vipochi viletwe hapo hapo.

Fundi alimtazama wifi, akasubiri mkasi. Wifi hakuugusa. Alikuwa ameinama juu ya karatasi.

"Vipi, hugongi?"

"Subiri kwanza," wifi alisema. "Mia nne mara mia mbili. Elfu themanini, na ujira wangu umeshatoka."

Ndipo akauchukua mkasi, akagonga. Kisha akachukua simu yake, akatoka mlangoni kumpigia dobi, amwambie ile nafasi ampe mtu mwingine.