Seva Isiyojulikana

Kilianza kama kitu kidogo tu. Programu ya barua pepe, iliyokuwa ikifunguka yenyewe kila asubuhi bila hata kuuliza, siku hiyo ilidai neno la siri. Mama Donge akaliandika. Si sahihi. Akahakikisha taa ya herufi kubwa imezimika, akaliandika tena kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi, kama anayemlisha mgonjwa. Si sahihi.

Akanusa. Kulikuwa na harufu ya nywele zilizoungua, nyepesi, kana kwamba mtu amepita na kitana cha moto chumba cha pili. Akaenda jikoni, jiko baridi. Akarudi sebuleni akamwangalia mwanawe kwenye mkeka. Donge, waliyemwita hivyo kwa sababu alizaliwa mnene mpaka wauguzi wakaitana kumtazama, alikuwa anatafuna sikio la sungura wa kitambaa, hana habari na mtu.

Kazi ya Mama Donge ilikuwa hapohapo nyumbani, kwenye kompyuta ya mezani iliyowekwa kati ya kochi na dirisha. Kampuni iliuza vipuri vya cherehani. Mafundi waliandika wanataka mikanda, bobini, sindano za kushonea ngozi. Yeye anawajibu bei na siku ya kufikishiwa mzigo. Bosi alikuwa mtu wa kudharau visingizio, na nafasi hiyo ilikuwa inatolewa macho na wengi. Baba Donge, dereva wa malori, alikuwa safarini, na huko aliko simu inashika mnara ukipenda.

Mama Donge hakuwa mjinga. Sekondari aliimaliza, na kichwa kilikuwemo. Akafungua tovuti ya habari, ikafunguka, maana yake mtandao upo. Akaingia kwenye akaunti ya kampuni kupitia tovuti, kwa neno lilelile, ikamkubali bila maneno. Basi tatizo liko ndani ya programu. Akarudi kwenye programu: si sahihi. Na harufu imekuja karibu kidogo.

Ndipo alipokosea akampigia shemeji.

Shemeji alikuwa mdogo wake baba Donge, na alikuwa na diploma ya kompyuta aliyoitembeza mtaani kama mtu anavyotembeza mbwa mkali, ili watu wampishe. Alijiita Mtaalamu. Watu nao wakamwita Mtaalamu, nusu yao wakicheka, ila yeye nusu hiyo hakuwahi kuisikia. Aliingia anazungusha funguo kidoleni, hakusalimia.

"Umegusa nini?"

"Sijagusa kitu, shemeji. Kwenye tovuti inafunguka, humu ndani ndiyo inakataa. Nilitaka niangalie jina la seva, labda..."

"Seva." Akacheka kwa pua. "Msikie huyu. Shemeji, seva umeijulia wapi wewe? Lete chai."

Akaleta chai, mtoto kiunoni. Mtaalamu alikuwa ameshaingia kwenye mipangilio, anabonyeza kwa kishindo kama anayekanyaga mende, na hapo kikatokea kidirisha ambacho Mama Donge hajawahi kukiona. *Cheti cha seva hii hakijathibitishwa. Seva haijulikani. Je, unaiamini?* Chini yake vitufe: Hapana. Ndiyo, mara hii. Ndiyo, daima.

Jina la seva liliandikwa juu. Halikuwa la kampuni. Lilikuwa herufi nyingi zilizobanana, na alipojaribu kulisoma kimoyomoyo alihisi kama mtu amekohoa taratibu nyuma ya shingo yake, ile ya kukujulisha kuwa yupo.

"Shemeji, hilo jina si letu. Usikubali kwanza."

"Watu wa sekondari mnaogopa kila kitu," akasema, akabonyeza *Ndiyo, daima*.

Barua zikamiminika. Mafundi wote, maswali yao yote, mikanda, bobini. Mtaalamu akaegemea kiti akanyoosha mikono kama aliyeifufua nchi. "Umeona? Kazi ya sekunde. Siku nyingine uniite kabla hujaanza kubuni mambo." Akamaliza chai, akaacha kikombe juu ya kibodi, akaondoka.

Alichokiacha hakikuwa kikombe peke yake.

Mchana, barua zilikuwa zinaingia lakini hazitoki. Kila jibu la Mama Donge lilikwama kwenye kisanduku cha zinazosubiri kutumwa, na alipokifungua akakuta humo barua ambayo yeye hakuiandika. Haikuwa na mpokeaji. Haikuwa na maneno. Kichwa chake cha habari kilikuwa neno moja: Donge.

Akaifuta. Ikarudi. Akaifuta, akakifunga kisanduku, akakifungua, ipo.

"Donge," akaita bila kugeuka, ili asikie tu mtoto akiguna.

Mtoto hakuguna. Kilichosikika ni mibonyezo ya kibodi, ta-ta-ta, ta-ta, na mikono ya Mama Donge ilikuwa mapajani mwake. Sauti ilitoka mkekani. Ilitoka kwenye koo la mtoto, mdomo ukiwa umefunguka kidogo tu, macho yamekazwa kwenye skrini. Na kwenye skrini kikaja kidirisha cha kuingilia. *Mtumiaji: Donge. Neno la siri:* na kimstari kinachowaka na kuzima, kinasubiri.

Alimnyakua mtoto akambana kifuani, na Donge akamtazama kama mtu anavyomtazama mwenzake kwenye foleni, bila ubaya, bila lolote, kisha akausukuma uso wake kwa viganja vyote viwili akalia kilio cha mtoto aliyebebwa na mgeni. Akampa ziwa, akalikataa. Akamwita Donge, kompyuta ikalia mlio ule wa kosa. Akamwita kwa jina la kadi ya kliniki, mlio. Akamwita babangu, mfalme wangu, kipenzi cha mama, na kila alipomwita, mtoto alimkazia macho yaleyale ya foleni na kompyuta ikalia nyuma yake, mpaka akageuka akaona maandishi yameongezeka chini ya kidirisha: *Si sahihi. Jaribu lile unalomnong'oneza.*

Na lilikuwepo. Tangu wodini, usiku ule wa kwanza mtoto alipokuwa bado ana joto la tumboni, alimpa jina ambalo hata baba yake halijui, jina la kunyonyeshea, la kumwambia sikioni wakiwa wawili tu, na hakuna siku lilimpita mtoto asicheke. Sasa lilimpanda kooni lenyewe, maana mama gani angeona mwanawe hamjui akaacha kumwita kwa kila alichonacho, likafika kwenye meno, na kimstari kule kwenye skrini kikaacha kuwaka na kuzima, kikatulia tuli kama sikio lililotegwa, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa sebule nzima mpaka machozi yakamtoka, ndipo akajing'ata ulimi mpaka akaonja damu.

Akavuta waya ukutani. Skrini ikazimika, na mtoto naye akazimika mikononi mwake, shingo ikalegea, pumzi ikakatika katikati. Akaurudisha waya, hata hakujua anachomeka wapi. Kompyuta ikanguruma. Donge akavuta pumzi. Kidirisha kikarudi, na kimstari chake.

Hapo akampigia Bi Msasa.

Namba ya Bi Msasa kila mama mtaani alikuwa nayo, na hakuna aliyekiri kuwa nayo. Alikuwa mtoa majini, na jina la Msasa alilipata kwa ulimi wake. Alikuja na kandambili, hana kifuko wala shanga, ana kitambaa kibichi begani kama mtu aliyekatizwa kufua. Akasimama mbele ya skrini akaitazama muda mrefu, mdomo umebinuka.

"Hiki ndicho kinachokutetemesha?"

"Bi, mtoto hanijui," Mama Donge akanong'ona. "Nikizima anakata pumzi, nikiwasha hanijui, kinataka jina, nimeita yote, limebaki moja tu, nisipolisema hanirudii na nikilisema sijui..."

"Pumua. Usikililie, kinapenda. Hilo jina umeliandika?"

"Sijaandika."

"Umelitamka? Hata mdomo tu, bila sauti?"

"Nimejing'ata ulimi."

"Basi mtoto bado ni wako. Kimeshika kitasa, ndani hakijaingia." Akaigeukia kompyuta. "Wenzako wana mapango yao, wana misitu, mtu akipita anavua viatu. Wewe umejibanza kwenye kopo lenye waya, unamwomba mtoto anayenyonya jina lake. Ukoo wako wanajua uko hapa? Au walikufukuza?"

Skrini ikapepesa. Feni ya ndani ikaongeza mwendo kama pumzi ya mtu aliyetukanwa.

"Kimekasirika," Mama Donge akanong'ona.

"Kikasirike. Nani alikiambia ndiyo?"

"Shemeji yangu."

"Mwite. Aliyesema ndiyo ndiye wa kusema hapana. Mimi nikisema, kitanicheka."

Mtaalamu alikuja anazungusha funguo. Alimwona Bi Msasa, akaona na kandambili, akacheka kwa pua.

"Yaani mmefikia kuleta mganga kwa ajili ya barua pepe? Kaka akisikia..."

"Wewe ndiye uliyebonyeza?" Bi Msasa akamkatiza.

"Mimi? Mimi sijabonyeza kitu. Muulize huyu, mambo ya kubonyezabonyeza ni yake. Mimi nilirekebisha tu."

Mama Donge alizoea kutazama chini shemeji akiongea. Safari hii hakutazama chini. "Ulibonyeza. Nilikwambia jina si letu, ukabonyeza."

"Shemeji, chunga maneno yako. Mbele ya watu utaniita mwongo?"

Donge akafungua mdomo. Midomo haikucheza hata kidogo, ila sauti nene ya mtu mzima ikatoka humo, sauti ya Mtaalamu mwenyewe, pamoja na kicheko chake cha pua: "Watu wa sekondari mnaogopa kila kitu."

Funguo zikaanguka.

"Kaa hapo," Bi Msasa akamwambia. "Ulikoingizia, tolea hukohuko."

Akakaa. Kipanya kilimponyoka akakirudia. Mipangilio, akaunti, usalama, vyeti vinavyoaminiwa. Jina lile la herufi zilizobanana lilikuwa mwisho kabisa, limekaa. Akalichagua. Ondoa. Kidirisha kikauliza: *Una uhakika?* Na chini yake, polepole, kama anayeandika anatafuta herufi gizani, yakaja maneno mengine: *Nitalala wapi?*

Kidole cha Mtaalamu kikaganda. Jasho lilimtiririka nyuma ya masikio, harufu ikawa nzito ya kushikika, pazia la dirisha likajivuta ndani kana kwamba chumba chenyewe kimevuta pumzi na hakitaki kuitoa, na Donge akaanza kukakamaa mikononi mwa mama yake, vidole vya miguu vikinyooka, weupe wa macho ukipanda, naye Mama Donge akasikia sauti yake mwenyewe ikisema kwa chini sana, "Shemeji, nakuomba, nakuomba, nakuomba," kwa mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kumpa alichomwomba.

"Kalale jalalani," Bi Msasa akakijibu kidirisha. "Bonyeza wewe, unangoja kikushukuru?"

Akabonyeza.

Feni ikapiga yowe, ikanyamaza. Bi Msasa akaitupia kompyuta kile kitambaa kibichi kama anayefunika sufuria ya mabaki. Pazia likashuka. Donge akapiga chafya, akatazama huku na huku, akamwona mama yake, na uso wote ukakunjamana kwa kilio cha kudeka, cha kumlaumu mtu anayemjua. Akajitupa kifuani akalitafuta ziwa mwenyewe. Mama Donge akaketi sakafuni palepale, akainama mpaka midomo ikagusa sikio la mtoto, akamnong'oneza lile jina. Donge akacheka na ziwa mdomoni, maziwa yakamwagika.

Mlangoni, Bi Msasa alikuwa amemshika Mtaalamu kiwiko. "Wewe hujamaliza. Kimeuliza kitalala wapi, na mlango kinaoujua ni wewe. Uje kwangu kabla giza halijaingia, nikufunge kisikuingie."

"Mimi?" Rangi ilikuwa imeanza kumrudia, na maringo yakaja nayo. "Nifungwe na mama wa kandambili? Mama, ile ilikuwa hitilafu ya mfumo. Ipo kwenye vitabu, ungekuwa unasoma ungejua." Akaokota funguo zake, akampita.

Bi Msasa akamsindikiza kwa macho. "Kichwa kitupu ndicho chumba kizuri," akasema, akaenda kumalizia kufua.

Jioni, taa zimewashwa, Donge amelala juu ya bega la mama yake, simu ikaita. Ilikuwa namba ya shemeji. Akapokea kwa sauti ya chini.

"Shikamoo, dada."

Mama Donge akaishusha simu akaangalia tena jina. "Shemeji?"

"Samahani kwa kukusumbua. Samahani na kwa ya leo, na ya siku zote. Nimekuwa nikikukosea adabu, na wewe ni mtu wa kuheshimiwa." Sauti ilikuwa yake, kila herufi yake. "Mtoto amelala?"

"Amelala."

"Vizuri sana. Dada, nina swali dogo, kama hutajali. Wakati unamnyonyesha, ulimnong'oneza kitu sikioni. Nilikuwa nimesimama mlangoni, sikulipata vizuri. Lilikuwa jina gani?"

Akaliziba sikio la Donge kwa kiganja. Yeye alimjua shemeji kwa miaka yote ya ndoa yake, na katika miaka hiyo yote hakuwahi hata siku moja kumwita dada.

"Uko wapi?" akauliza.

"Niko hapa nje," ikajibu, na sasa aliisikia mara mbili, kwenye simu na nyuma ya mlango. "Naomba kuingia, kama unaruhusu."

"Hapana," akasema.

"Asante, dada," sauti ikajibu kwa upole uleule. "Hodi."